Kitambaa cha Nane

Fundi huyu watu walimwita Pumzi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuzipa nyumba pumzi. Siku hizi watu wanajenga nyumba zilizozibwa kila ufa, kuta nene, madirisha ya vioo vitatu, milango yenye mipira pembeni, ili baridi ya nje isiingie na joto la ndani lisitoroke. Nyumba za namna hiyo ni nzuri, ila ukiiacha nyumba hivyo hivyo utaishi ndani yake kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Hapo ndipo anapoitwa Pumzi. Anafunga mashine yenye ukubwa wa kabati dogo, anatandaza mabomba darini, na kuanzia siku hiyo hewa iliyochoka inavutwa kutoka jikoni, bafuni na chooni, na hewa safi inasukumwa sebuleni na vyumba vya kulala. Kiasi kinachotoka ndicho kinachoingia. Ndani ya mashine, hewa hizo mbili hupishana karibu karibu bila kuchanganyika, na ile inayotoka humwachia mwenzake joto lake. Pumzi alipenda kuwaambia wateja kwamba zinapishana kama mkwe na mama mkwe kwenye korido nyembamba: hawagusani, ila kila mmoja anausikia moto wa mwenzake. Wateja walicheka sana. Hakujua kwamba mzaha huo ungekuja kumtokea puani.

Alikuwa na sifa, na sifa ilikuwa imempanda kichwani kidogo. Si kidogo, tuseme ukweli. Mafundi wengine wakimaliza kazi walinyoosha mkono karibu na tundu la hewa, wakasema "inapuliza", wakaenda zao. Pumzi alikuwa na koni ya kitambaa yenye kipimo cha hewa kwenye ncha yake. Aliibandika juu ya kila tundu, akasoma namba, akaiandika kwenye karatasi, akatia sahihi, kisha karatasi akaigandisha ndani ya mlango wa mashine ili mwenye nyumba aione. Wale wa "inapuliza" aliwacheka mpaka wakamchukia.

Alikuwa na desturi yake nyingine. Nyumba ikiwa bado inajengwa, vumbi la plasta na mbao huingia kwenye mabomba, kwa hiyo midomo ya mabomba huzibwa mpaka siku ya mwisho. Madukani vipo vizibo vya plastiki vya kazi hiyo, lakini Pumzi hakuvitaka. Yeye alikata vitambaa kutoka kwenye ovaroli zake kuukuu, akavikunja na kuvishindilia. Vilikuwa vinane, na siku ya kumaliza alivihesabu kwa sauti: vinane vimeingia, vinane vimetoka. Kimojawapo kilikuwa na kiraka alichoshona mama yake miaka ile Pumzi alipokuwa bado anakula kwake. Uzi wa buluu ulikuwa umekwisha, mama akashona kwa uzi mwekundu, mshono wa kwenda na kurudi kama mlevi anayetafuta kwao. Hicho Pumzi hakukitupa.

Mdogo wake, dereva wa malori ya masafa marefu, alipojenga nyumba ya namna hiyo, Pumzi alisema mashine ya hewa ni zawadi yake na asiulizwe zaidi. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala: cha dereva na mkewe, cha mama yao, ambaye angehamia kwao, na cha wageni. Mke wa dereva alifundisha hesabu shule ya msingi, na ukoo mzima ulimwita Mwalimu, wengi kwa heshima, mama mkwe kwa sauti yenye kejeli ndani.

Siku ya kumalizia, Pumzi alikuwa na haraka. Chama cha mafundi kilikuwa kimemwalika saa nane mchana azungumze na vijana waliotoka mafunzoni, na mada aliyopewa ilikuwa umuhimu wa kupima. Naam, kupima! Saa sita na nusu alikuwa bado juu ya ngazi. Aling'oa vitambaa mbio mbio akavitupia begini, akafunga vifuniko vya matundu, akawasha mashine, nayo ikaanza kuguna taratibu. Koni ilikuwa imebaki garini. Akajisemea kwamba mabomba ameyalaza kwa mikono yake, nyumba ni ya mdogo wake, kesho kutwa atarudi apime kwa nafasi. Basi akachukua karatasi, akaandika namba zilizokuwa kwenye mchoro. Chumba cha Mwalimu na mumewe: lita kumi na mbili kwa sekunde. Akatia sahihi.

Saa nane kamili alikuwa amesimama mbele ya vijana arobaini, akiwanyooshea kidole. "Usiandike usichokipima," aliwaambia. "Namba ambayo hukuipima ni uongo wenye sahihi yako." Walimpigia makofi wakiwa wamesimama, na alilala siku hiyo akitabasamu.

Asubuhi yake akafungua begi kuvihesabu vitambaa. Saba. Akavihesabu tena, akakung'uta begi, akatazama chini ya kiti cha gari. Saba. Chenye uzi mwekundu hakikuwamo. Pumzi akauambia moyo wake kwamba kitambaa kimeanguka, kimefagiwa na wapaka rangi, kimekwenda na takataka. Moyo haukujibu kitu, naye akauchukulia ukimya huo kuwa ni kukubali. Kurudi kupima hakurudi.

Walihamia baridi ikianza kuuma. Pumzi alitembea nyumba nzima kifua mbele, akipokea pongezi za mama yake, shangazi yake na mjomba wake, na kabla ya kuondoka akatoa amri. "Madirisha msifungue," alisema. "Mkifungua mnaharibu mizani yote na joto linakwenda nje. Mashine inawatosha." Amri hiyo nayo ilikuwa na chumvi nyingi, maana dirisha likifunguliwa kidogo mashine haifi. Lakini Pumzi alipenda kusikilizwa. Mama yake aliishika amri ile kama sheria ya nchi.

Wiki ya pili Mwalimu akaanza kuamka na kichwa kizito. Huyu alikuwa mtu wa kuamka kabla ya saa kulia, mtu wa kusahihisha madaftari huku chai inachemka. Sasa saa ililia mpaka ikachoka. Akiamka alikuta kioo cha dirisha kinatiririka maji, na baada ya mwezi mmoja, nyuma ya kabati, ukutani, vikatokea vidoa vyeusi vya ukungu. Alivisugua kwa brashi na sabuni, vikarudi. Akavisugua tena. Shuleni alichelewa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara ya nne mwalimu mkuu akampa barua ya onyo. Mumewe alikuwa barabarani siku nyingi; akirudi nyumbani alilala kama gogo, akaamka naye kichwa kinamgonga, akasema ni uchovu wa safari.

Chumba cha pili, mama mkwe alikuwa analala kama mtoto. Hewa iliyozuiwa kuingia kwa Mwalimu ilitafuta njia nyingine, na tundu la mama ndilo lililokuwa karibu zaidi. Ajuza wa watu alikuwa analala kwa hewa ya mkwewe, kisha anaamka nayo kumsema.

"Mbona mimi nyumba hii hii naamka mzima?" aliuliza, huku akipanga vikombe kwa kelele. "Nina miaka sabini na mbili. Nikiamka kumekuwa kimya kama hakuna mwanamke humu."

"Mama, sijisikii vizuri."

"Wewe hujisikii vizuri kila siku ya kazi."

Siku moja asubuhi alimkuta Mwalimu amefungua dirisha la chumbani, kichwa nje, anavuta baridi kwa mdomo wazi.

"Mwalimu! Unapasha joto mtaa mzima?"

"Mama, nakosa hewa humu ndani. Kweli."

"Hewa kafunga mwanangu kwa mikono yake. Au na hewa nayo umeisomea?"

Mwalimu akafunga dirisha. Tangu siku hiyo akawa analala sebuleni kwenye kochi mumewe asipokuwepo, na kidogo akapata nafuu, ila mama mkwe akaliona hilo nalo kuwa dharau: mke gani anakimbia chumba chake? Maneno yakawa mengi, yakamfikia shangazi, yakamfikia mjomba, mpaka kikaitishwa kikao Jumapili mchana. Dereva alikuwa nyumbani siku hiyo, na Pumzi aliitwa kama mtaalamu.

Mwalimu hakugomba. Alisema kwa upole, akimtazama Pumzi. "Shemeji, ninachoomba ni kimoja tu. Uangalie lile tundu la chumbani kwetu. Nikisimama chini yake sisikii kitu."

Wakati huo huo kitambaa chenye uzi mwekundu kilipita akilini mwa Pumzi, wazi kabisa, na mshono wake wote. Hapo ndipo alipokuwa na nafasi. Ngazi ilikuwa garini. Angesema, "Ngoja niangalie," na mambo yangeishia kwenye kicheko na lawama ndogo. Lakini mama yake alikuwa amemkazia macho yenye fahari, na mjomba alikuwa ametoka kumsifu kwa mkutano wa wale vijana, na ulimi wa Pumzi ukachagua njia yake.

"Tundu linalofanya kazi vizuri halisikiki, shemeji," alisema. "Nimepima mwenyewe. Karatasi ile pale kwenye mashine. Kumi na mbili."

"Sasa ukungu unatoka wapi?" mjomba akauliza.

"Mara nyingi ni matumizi, mjomba. Nguo mbichi zikianikwa ndani. Nyuma ya makabati pasiposafishwa. Mashine haiwezi kumsafishia mtu nyumba."

Hakumtaja mtu. Haikuhitajika. Mama akaguna kwa kuridhika, shangazi akatazama kucha zake, na dereva akamtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mwalimu alikuwa mtu wa hesabu, namba alikuwa anaziamini. "Kama imepimwa," alisema, "basi imepimwa." Akainuka kwenda kuchemsha chai, na Pumzi akainywa chai ile, vikombe viwili.

Kikao hakikuishia pazuri. Barua ya onyo ya pili ilipokuja kutoka shuleni, dereva alikata shauri kwa simu akiwa njiani: Mwalimu aende kwao akapumzike mpaka baridi iishe. Kila mtu alijua maana ya kupumzika huko. Ilikuwa ni kurudishwa, ila kwa maneno ya adabu. Alipangiwa Jumamosi; mumewe angerudi Ijumaa ampeleke mwenyewe.

Habari hiyo ikamfikia Pumzi. Alhamisi hakwenda kazini kwake, alikwenda kwa mdogo wake na chujio jipya mkononi, akisema chujio la mashine limefika muda wa kubadilishwa. Mwalimu alikuwa shuleni. Mama akamfungulia, akambariki, akarudi sebuleni kwenye redio yake. Pumzi akaingia chumbani kwa Mwalimu, akafungua ngazi chini ya tundu, akatoa kifuniko, akaingiza mkono bombani mpaka kwenye kiwiko. Vidole vikagusa kitambaa.

Kilikuwa pale pale alipokishindilia. Alikivuta, na hewa safi ikamshukia usoni yote kwa pamoja, ikamkausha jasho. Juu ya ngazi ile aliweza kuona chumba chote. Mlangoni palikuwa na sanduku moja limefungwa tayari. Mezani, rundo la madaftari. Na nyuma ya kabati, ambalo Mwalimu alikuwa amelivuta mbali na ukuta, palikuwa na ndoo, sabuni, na brashi iliyotumika mpaka nywele zake zimekwisha. Ukuta wenyewe ulikuwa umesuguliwa mpaka rangi imetoka na plasta imeonekana. Huyu ndiye mwanamke ambaye Pumzi alisema hasafishi nyuma ya kabati.

"Umekuta tatizo?" Mama alikuwa mlangoni.

Kitambaa kilikuwa tayari mfukoni. Hakukumbuka hata alivyokiingiza. "Hapana, mama," alisema. "Chujio tu."

Akarudi nyumbani akijipangia hoja. Hewa sasa inaingia. Mwalimu atalala vizuri, ataamka mapema, dereva atakuta mke mzima, safari ya Jumamosi itafutwa. Kila mtu atapata chake, na hakuna atakayeumia kwa kutojua. Aliipitia hoja hiyo mara nyingi, na kila mara ilimtosha kwa dakika tano hivi.

Nusu ya hoja yake ilitimia. Ijumaa asubuhi simu yake ikalia, mama yake anacheka mpaka anakohoa.

"Si nilikwambia? Leo kaamka kabla yangu! Nimemkuta amefagia, chai iko mezani, anaimba. Anaimba, mwanangu! Ametishiwa kurudishwa kwao mara moja tu, uvivu wote umekimbia. Kumbe alikuwa anaweza. Miezi yote hii alikuwa ananifanyia makusudi."

Pumzi alitafuta neno la kusema, akapata "Aa."

"Mdogo wako anafika leo. Nimeshamwambia kwenye simu, naye amekasirika kweli kweli, anasema bora angekuwa mgonjwa. Kumrudisha kwao basi, ila kesho saa nne ataniomba radhi mbele ya watu wale wale. Na wewe uwepo, maana na wewe alikukosea. Aliitukana kazi yako."

Kwa hiyo uponyaji aliompa kwa siri ndio uliokuwa ushahidi wa kumtia hatiani. Pumzi alikaa na simu mkononi akiwa ameshaelewa, na bado hakumpigia mtu yeyote kusema. Siku nzima ya Ijumaa ilipita hivyo.

Jumamosi alifika saa tatu na nusu, kitambaa mfukoni mwa suruali. Alikuwa amejiapiza kukitoa mapema, amwite mdogo wake pembeni, wayamalize wanaume wawili kwa sauti ya chini. Lakini dereva alikuwa anaoga, na jikoni alimkuta Mwalimu peke yake anapanga vikombe kwenye sinia. Alikuwa amependeza. Macho yaliyokuwa yamevimba miezi miwili yalikuwa maangavu.

"Shemeji, afadhali umewahi," alisema. "Nilitaka nikuombe msamaha peke yako kabla ya kule ndani."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Nilikutilia shaka mbele ya watu. Na nimefikiri sana tangu jana. Juzi nimelala vizuri, jana nimelala vizuri, naamka mwepesi. Chumba ni kile kile, kitanda kile kile, mashine ile ile. Kama hivyo vyote havijabadilika, basi kilichobadilika ni mimi." Akaweka kijiko kwenye kila kisahani. "Inaonekana nilikuwa nimelegea kweli. Sikuwahi kujijua kuwa mtu wa namna hiyo. Imeniuma, lakini hesabu ndiyo hiyo."

Mkono wa Pumzi ulikuwa mfukoni, umekishika kitambaa. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hiki: "Usijali, shemeji. Yamepita."

Mwalimu akatabasamu, akamshukuru, akabeba sinia.

Sebuleni walikaa kama walivyokaa Jumapili ile: mama kwenye kiti cha kati, shangazi na mjomba kwenye kochi, dereva karibu na mlango, uso umekunjamana, Pumzi karibu na mama yake, kiti cha heshima. Mwalimu alisimama. Mikono aliishika mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mama," alisema, "naomba radhi kwa uvivu wangu. Nimekupa kazi ya kunisema wakati ulistahili kupumzika. Mume wangu, naomba radhi kwa kukuaibisha. Na shemeji yangu naomba radhi tena hapa, mbele ya wote, kwa kuitilia shaka kazi aliyotufanyia kwa moyo mweupe."

Pumzi alikuwa amemwacha amalize. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote, kwamba alimsikiliza mpaka mwisho, hadi kwenye moyo mweupe. Kisha miguu yake ikainuka yenyewe. Akatoa kitambaa, akakiweka mezani katikati ya vikombe.

Watu wakakitazama. Mama alidhani ni leso, akakichukua amrudishie, halafu kidole chake kikakutana na uzi mwekundu. Akakigeuza huku na huku.

"Huu mshono wangu," alisema. "Hii si ovaroli yako ile? Umeitoa wapi?"

"Kwenye bomba la chumba cha Mwalimu. Ndicho nilichozibia wakati wa ujenzi. Nilikisahau, mama. Hewa haikuwahi kuingia chumba kile hata siku moja, tangu walipohamia. Nimekitoa juzi." Akamgeukia mdogo wake. "Hakuwa mvivu. Alikuwa anakosa hewa, kama alivyosema."

Dereva akainuka, amekaza ngumi, akatazama kaka yake, akatazama mkewe, akakaa tena. Shangazi akafunika mdomo. Mjomba, ambaye alipenda mambo yaishe kabla ya chai kupoa, akakohoa. "Basi tushukuru limejulikana. Binadamu husahau. Yaishe."

"Yasiishe kwanza, mjomba," Mwalimu akasema.

Akatoka. Wakasikia mlango wa mashine ukifunguliwa kwenye korido. Aliporudi alikuwa na karatasi ya vipimo, akaiweka mbele ya Pumzi na kuonyesha mstari kwa kidole.

"Hapa pameandikwa kumi na mbili. Ulipima nini?"

"Sikupima kitu."

"Na Jumapili ile, uliposema mbele ya watu hawa kwamba umepima mwenyewe?"

"Nilidanganya."

"Ulikuwa unajua?"

Pumzi alitazama karatasi, sahihi yake nzuri yenye mkia. "Nilihesabu vitambaa, vikawa saba. Nilijua, halafu nikajifanya sijui."

"Na leo jikoni?" Sauti ya Mwalimu haikupanda. "Leo hukuwa na haraka. Tulikuwa wawili tu."

Mwalimu alisubiri, kama anavyosubiri darasani mtoto anapokuwa ubaoni na chaki mkononi, na hakuna aliyemsaidia Pumzi, hata mama yake.

"Kilikuwa mfukoni," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimekishika."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alitamani kuwa mmoja wa wale wa "inapuliza", mtu asiyetarajiwa kitu.

Mwalimu aliikunja karatasi mara mbili. "Miezi miwili nimejichukia, shemeji," alisema. "Mama alinisema, mume wangu akanichoka, hayo nilikuwa nayaweza. Ila nilikuwa nimeshaanza kuwaamini." Akamgeukia mumewe, naye akainamisha kichwa. Akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa bado anakipapasa kiraka chake kwa kidole gumba, haachi. Mwalimu akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasorobo, asubuhi kweupe.

"Naenda kulala," alisema.

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mama akainuka. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, kwa mazoea ya miezi miwili, kisha akaufunga. Akaanza kuvikusanya vikombe, kimoja kimoja, akivishika kwa mikono miwili visigongane. Shangazi alipotaka kusema kitu, mama akamwonyesha kidole mdomoni, anyamaze. Redio aliizima mwenyewe.

Pumzi akaenda garini, akarudi na koni yake na karatasi mpya isiyoandikwa kitu. Alifika mpaka mlango wa chumba, akainua mkono abishe, akaushusha. Dereva alipita hapo, akamruka miguu bila kumsalimia, maana Pumzi alikuwa ameshakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, koni mapajani, anasubiri aliye ndani aamke ampe ruhusa ya kupima. Juu yake mashine ilikuwa inaguna taratibu. Ilipofika saa nane mchana Mwalimu alikuwa bado amelala, na hakuna aliyemwamsha.